Petruchio Alipopata Kiboko Yake

JICHO LA JUKWAA
Na Zainabu Mkumbwa

Kila mchezo wa kale ukilaumiwa kwa kumdhalilisha mke, hakosi mtu wa kuutetea: "Zama zile ndivyo watu walivyokuwa." Utetezi huu nimeuchoka. Unawasingizia watu wa zama zile kwamba walinyamaza.

Mchukue Shakespeare. Mwanzoni mwa miaka ya 1590 aliandika The Taming of the Shrew. Katherina, binti wa Padua mwenye ulimi mkali, anaozwa kwa Petruchio, mwanamume aliyekuja mjini kusaka mke mwenye mali. Bwana harusi anachelewa, kisha anatokea na matambara mwilini. Nyumbani anamnyima mkewe chakula, eti nyama imeungua. Anamnyima usingizi, eti kitanda hakikutandikwa vizuri. Mwenyewe anatamba kwamba hivyo ndivyo anavyofunzwa kipanga wa kuwindia. Akiliita jua mwezi, mke sharti aitikie. Mwisho Katherina anawahutubia wanawake wenzake, mistari zaidi ya 40, kwamba mume ni bwana wao na mfalme wao, na kwamba yeye yu tayari kuuweka mkono wake chini ya unyayo wa mumewe. Wapo wanaosema hapo anakejeli. Huenda, mwigizaji hodari anaweza kuyageuza maneno yale. Lakini mke yule alilazwa na njaa kwanza.

Basi karibu mwaka 1611, Shakespeare angali hai, John Fletcher, ambaye baadaye aliandika naye michezo, akamjibu kwa The Tamer Tamed, yaani mfugaji afugwa. Katherina amekwisha kufa. Petruchio anamwoa Maria, aliyedhaniwa mpole. Usiku wa harusi Maria anajifungia ghorofani na wenzake, vyakula na vinywaji tele, na bwana harusi anabaki chini akibembeleza hadi akubali masharti. Petruchio akijitia mgonjwa, Maria anatangaza kuwa ni tauni, anahamisha vyombo na kumfungia ndani. Petruchio akijifanya maiti, Maria analia kweli, ila analilia upuuzi wa maisha aliyoishi mumewe! Hapo ndipo mfugaji anaposalimu amri.

Novemba 1633 michezo yote miwili ilichezwa mbele ya Mfalme Charles wa Kwanza, wa Shakespeare tarehe 26, wa Fletcher tarehe 28. Henry Herbert, msimamizi wa burudani za kifalme, aliandika kwamba wa kwanza ulipendwa na wa pili ulipendwa sana. Leo unaojulikana duniani ni ule wa kwanza. Chaguo hilo si la wazee wale; ni letu.

Na hata Shakespeare hakuandika mke wa aina moja tu. Mwaka 2012, katika ukumbi wa Globe jijini London, waigizaji kutoka Kenya walicheza kwa Kiswahili mchezo wake The Merry Wives of Windsor, ambamo wake wawili wanamchezea shere mzinzi Falstaff, na mume mwenye wivu anaaibika.

Walimu wa fasihi na vikundi vya maigizo, mkimpandisha Petruchio jukwaani, msiishie kwenye ndoa yake ya kwanza. Mwozesheni na Maria.