Siri Zetu Zisomwe Kibandani Mpaka Lini?

Nambari ya kitambulisho cha Mnyarwanda ina tarakimu 16. Hapa Gitambi, na katika vilima vyote vya Rusizi, kuna watu wazima wanaozitaja tarakimu hizo kwa sauti kibandani kwa ajenti, foleni nzima ikisikiliza, kwa sababu tovuti ya umma imewakataa.

Msomaji, hilo unalijua. Umesimama kwenye foleni hiyo. Umemsikia kijana wa kibanda akiuliza, "Mzee, umeoa au mmeachana? Watoto wangapi? Deni unalo?" Ukatazama pembeni kama hukusikia. Ulisikia!

Mimi nimechoka kutazama pembeni.

Jirani yangu haoni. Simu anayo, tena anaimudu kuliko mimi: inamsomea ujumbe, anatuma pesa, anabishana na wanawe walioko Kamembe na Bukavu. Juzi alikaa kujaza fomu ya huduma moja ya umma, nami nikakaa kando yake nikiisikiliza ile sauti ya simu. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Kitufe cha nini? Haisemi. Picha ya nini? Haisemi. Akafika penye tarehe ya kuzaliwa. Ni kalenda ya kubonyeza kwa kidole. Sauti ikawa inahesabu siku bila kutaja mwezi wala mwaka. Akarudi nyuma, akaanza upya, akaanza tena. Mwisho kabisa tovuti ikamtaka athibitishe kuwa yeye si roboti, kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani.

Mtu asiyeona anaambiwa achague picha, la sivyo yeye si mtu!

Hakugomba. Aliizima simu, akachukua fimbo yake, akateremka kibandani, akamkabidhi kijana kitambulisho, simu na nenosiri. Vyote. Kijana yule ni mwema, namjua. Kesho akikaa mwingine pale? Pesa zikihama, mzee atamshitaki nani, na nenosiri amelitaja kwa kinywa chake mwenyewe?

Watu wengi hudhani kwamba asiyeona akishasaidiwa, yameisha. Hayajaisha! Majibu yake ya hospitali anayajua mtu wa pili. Mapato yake anayajua mtu wa pili. Na mwanamke asiyeona anayetaka kumshitaki mume anayempiga, fomu ataandikiwa na nani? Na mume huyo huyo? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi wenye macho tunapita juu ya kaburi tukisema mbona pametulia.

Sisemi turudi kwenye makaratasi. Tangu Irembo, tovuti ya huduma za serikali, ianze mwaka 2015, mwananchi wa vilimani ameokolewa safari nyingi za kufuata karatasi moja mjini. Kampeni ya Byikorere nayo inatuhimiza tujihudumie wenyewe bila ajenti. Vizuri sana. Basi kila ofisi inayohamia mtandaoni ijibu: huyo anayejihudumia ni nani? Ni mwenye macho, masikio na vidole kumi tu?

Sheria ipo. Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 9 inaitaja intaneti waziwazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana umri wa kuchukua kitambulisho. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wenye ulemavu 391,775 wa umri wa miaka 5 na kuendelea. Na katika nchi ambayo mauaji ya kimbari ya 1994 yaliwaachia wengi vilema vya kudumu, nani humu anahitaji kufundishwa kwamba ulemavu hauombwi?

Wakubwa wana majibu yao. "Ni ghali." "Hao ni wachache." "Tutaboresha baadaye." Baadaye! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa kodi yako, maana kubomoa tovuti iliyokamilika ndiyo kazi ghali. Kuifanya vizuri tangu mwanzo ni kuandika jina la kila kitufe na maelezo ya kila picha ndani ya msimbo, kuacha fomu ijazwe kwa kibodi peke yake, kuweka maandishi chini ya video ili kiziwi asibaki akitazama midomo ya msemaji ikicheza. Mwongozo wa haya yote ulitolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti duniani, mwaka 1999. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana Mwaustralia asiyeona, ni ya bure. Kenya mwaka 2022 ilitoa kiwango chake rasmi cha ufikivu wa tehama. Ughali uko wapi?

Kuna moja linaloniudhi kuliko yote. Ofisi inaandika tangazo la kazi kwenye kompyuta. Inalichapa, inaligonga muhuri, inalipiga picha, kisha inaitupa picha hiyo mtandaoni. Maneno yalikuwa tayari maneno! Mtu kayageuza picha kwa mikono yake, na simu ya jirani yangu ikifika hapo inanyamaza. Siku ya mwisho ya maombi inapita. Halafu kwenye mkutano tunaambiwa watu wenye ulemavu hawajitokezi kuomba kazi.

Hawajitokezi, au mmewafungia?

Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya Olimpiki ya Sydney haimsomekei. Waandaaji wakadai kuirekebisha ni kazi kubwa mno. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ikampa haki Maguire, waandaaji wakaendelea kukaidi, wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Hayo yalikuwa ya michezo tu. Sisi tunaongelea hospitali, ardhi, vyeti na kazi, na bado tumekaa kimya.

Wewe unayesema hayakuhusu, amka. Hujafa hujaumbika. Kisukari kinachukua macho. Pikipiki inavunja mkono kabla ya saa sita mchana. Uzee unatetemesha kidole mpaka hakigusi kitufe unachokitaka. Mimi mwenyewe siku hizi nasoma kwa miwani, na zile herufi za kijivu juu ya nyeupe, nikiwa juani, sizioni kabisa. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji.

Ninachodai ni hiki. Zabuni ya kila tovuti ya umma iandikwe kwamba mkandarasi hapati malipo ya mwisho mpaka asiyeona, kiziwi na mwenye mikono isiyotii wakae mbele ya maofisa, kila mmoja ajaze fomu tangu mwanzo hadi mwisho bila kushikwa mkono na bila kusomewa. Wakishindwa, pesa hazitoki. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu lipo; liitwe kabla ya uzinduzi, lisiitwe kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Baada ya kazi kuna mkutano, na kiongozi atauliza nani ana neno. Usimsukume jirani asiyeona asimame peke yake kama kila mara. Simama wewe. Uliza: kabla hamjailipia tovuti mpya ya umma, ni nani asiyeona aliyeijaribu? Wakijibu hakuna, usikae.