Forodhani si Mgahawa

Bustani ya umma ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kununua kitu. Hilo likikosekana, hata pakiwa na nyasi na taa, huo ni mgahawa usio na paa.

Forodhani inaelekea huko. Jina lake latokana na forodha: hapa mizigo ilikaguliwa na kutozwa ushuru. Miaka ya 1930 pakafanywa bustani ya jubilei. Mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati wa taasisi ya Aga Khan. Katika mabadiliko yote hayo, watu wa Unguja waliendelea kuja jioni kupunga upepo.

Sasa jua likizama meza zinatandazwa: pweza, mishikaki, urojo, juisi ya miwa. Sina ugomvi na wachuuzi, wanatafuta riziki (na urojo naula). Ugomvi wangu ni na fikra kwamba msafiri ni mzungu mwenye kamera tu.

Mwaka jana nilikaa pale na shangazi yangu, aliyetoka Pemba na alikuwa akisubiri boti ya asubuhi. Kijana mmoja akatujia. "Shikamoo, bi mkubwa. Hapa pa wateja, kuna wageni wanataka kukaa."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nimetoka wapi?"

Kijana akakosa jibu, lakini meza aliileta.

Shangazi naye ni msafiri. Msafiri ni mtu wa Makunduchi aliyekuja hospitali na gari la mwisho likamwacha. Ni mama wa Nungwi aliyeleta watoto mjini sikukuu. Hawa hawaingii katika hesabu za utalii, ila ndio waliobeba mji huu. Mji Mkongwe wenyewe umejengwa kwa adabu hiyo: nje ya nyumba pana baraza ya mawe, na apitaye hukaa, wala haulizwi ana shilingi ngapi.

Watu huniambia, "Lakini watalii ndio wanaoleta fedha." Haya. Nendeni mkatazame wanachokipiga picha. Ni wale watoto wanaochupa baharini kutoka ukutani, wakirukaruka hewani kama hawana mifupa. Ni wazee waliokaa kimya wakitazama majahazi. Tukiwafukuza, mtalii atabaki kupiga picha watalii wenzake, na safari ya kwenda Barcelona ni rahisi zaidi kwake.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Manispaa ichore mstari: meza zikae upande wa nyasi ulio karibu na barabara, na mabenchi yote ya ukutani yabaki bila meza wala bei, usiku na mchana. Liwepo bomba la maji ya kunywa. Choo kisitozwe mtu anayesubiri boti. Na anayelazimika kukesha hapo na furushi lake asiamshwe kwa rungu.