UCHOVU WA UGONJWA SI UVIVU



Sisi watu wa Babati tunaheshimu kazi. Mvua za kwanza zikinyesha, kila mtu yuko shambani. Mahindi na mbaazi havimsubiri mtu. Anayelala mpaka jua lipande tunamwita mvivu. Desturi hiyo ya kupenda kazi ni nzuri, maana ndiyo inayotulisha.

Lakini neno "mvivu" tunalitumia ovyo. Tunawaita hivyo hata watu ambao si wavivu, ila ni wagonjwa. Leo tuwafikirie watu hao.

Tuseme katika mtaa wako yuko mama wa miaka 30. Zamani alikuwa wa kwanza kufika shambani. Sasa anapalilia mistari miwili, kisha anakaa chini. Ikifika saa nne asubuhi, mikono na miguu yake imekuwa mizito kama mawe. Usiku analala vizuri, lakini anaamka amechoka vilevile. Ukimtazama huoni kidonda. Hakukonda. Mume wake ananung'unika. Mawifi wanasema anajidekeza. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Je, mama huyu ana nini?

Kwanza apimwe

Uchovu una vyanzo vingi. Upungufu wa damu huchosha. Minyoo ya safura hunyonya damu na kumchosha mtu. Malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa sukari huchosha. Hapa kwetu wafugaji ni wengi, kwa hiyo tusisahau ugonjwa wa brusela. Huo hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama mgonjwa bila kinga. Mtu anaweza kuchoka miezi mingi kwa sababu ya brusela.

Magonjwa haya yote yana dawa. Kwa hiyo mtu akichoka zaidi ya wiki mbili bila sababu, aende zahanati akapimwe. Asinunue dawa za kuongeza nguvu mnadani. Anayeuza dawa hizo hajui ugonjwa wako.

Ugonjwa wa mishipa ya fahamu

Upo pia ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia. Madaktari huuita maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi. Ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo.

Tazama waya wa umeme. Ndani kuna shaba, nje kuna ganda la plastiki. Mishipa ya fahamu nayo ina ganda lake. Ndani ya mishipa hiyo hupita amri za ubongo: inua jembe, piga hatua, tazama kule. Kwa mgonjwa wa MS, askari wa mwili wanaotukinga na maradhi hukosea. Hulishambulia ganda hilo na kulibambua. Amri za ubongo hupita polepole, au hazifiki kabisa.

Ndiyo maana mgonjwa huona ukungu katika jicho moja, au hupata ganzi miguuni, au hupepesuka kama mlevi. Mara nyingi dalili huja, hupungua, kisha hurudi. Uchovu ni dalili inayowapata wagonjwa wengi kuliko nyingine. Ubongo hutumia nguvu nyingi kupitisha amri katika njia iliyoharibika.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Katika nchi za baridi za Ulaya ni wa kawaida. Kwetu ni nadra, lakini upo. Hauambukizi. Hautokani na uchawi. Haujapata dawa ya kuuponya kabisa, ila zipo dawa za kupunguza mashambulizi yake.

Kuutambua si rahisi. Mgonjwa huanzia zahanati, kisha hupelekwa hospitali ya mkoa hapa Babati. Mara nyingi itabidi afike hospitali kubwa kama Muhimbili, Dar es Salaam, apigwe picha ya ubongo. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama. Ndugu wasaidiane, asiachwe peke yake.

Debe moja la maji

Mgonjwa huyu aishi vipi kila siku? Afikirie nguvu zake kama debe la maji. Mtu mzima mwenye afya huamka na debe tele, na likiisha hupumzika kidogo akapata jingine. Mgonjwa huamka na nusu debe. Akilimwaga lote asubuhi, jioni hana hata tone. Basi apime kabla ya kumimina.

Kwanza, achague kazi. Zipi lazima zifanyike leo? Zipi zingoje kesho? Zipi afanye mtu mwingine?

Pili, apumzike kabla ya kuchoka. Afanye kazi kidogo, akae kidogo, aendelee. Asingoje mpaka aanguke.

Tatu, akwepe joto. Mwili wa mgonjwa wa MS ukipata joto, uchovu na udhaifu huongezeka. Ukipoa, hali hurudi kama ilivyokuwa. Mwezi Juni na Julai Babati ina baridi, lakini baadaye jua huwa kali, na kule bondeni Magugu joto huzidi. Kwa hiyo alime alfajiri. Avae kofia. Aoge maji ya baridi. Asikae muda mrefu mbele ya mafiga. Akipata homa, atibiwe mapema.

Nne, kazi inayofanyika kwa kukaa aifanye amekaa. Kuchambua maharage, kupukuchua mahindi na kumenya viazi kunafaa kigoda. Maji abebe kwa kidumu kidogo, au yaletwe kwa baiskeli.

Tano, asilale kutwa nzima. Misuli isiyotumika hulegea. Atembee kidogo kila siku wakati wa ubaridi, kwa kadiri mganga atakavyomshauri.

Sote tunahusika

Ushauri huo hautafaa kitu kama nyumbani wanamcheka. Mtu anayeitwa mvivu hujilazimisha kulima mpaka aanguke. Au huona aibu, akajificha ndani, asiende hospitali. Hivyo neno letu moja laweza kumwumiza kama ugonjwa wenyewe.

Baba, mkeo akisema amechoka, mwulize amechoka vipi, kisha mpeleke akapimwe. Mama mkwe, mpunguzie mkamwana wako mzigo wa kuni. Viongozi wa mitaa na vitongoji, mtu mwenye cheti cha mganga asitozwe faini kwa kukosa kuchimba mtaro. Mpeni kazi anayoiweza. Aandike majina ya waliofika, au atunze vifaa. Naye atakuwa amejenga taifa.

Wengine watasema tutawazoesha watu kutegea. Sikubaliani nao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mwenye uwezo afanye kazi. Lakini lilikubali kwamba watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema wana haki ya kutunzwa na wenzao. Aliye mgonjwa kweli naye tumtazame hivyo. Anayetegea tutamjua, maana mtegaji hachoki siku ya ngoma. Mgonjwa huchoka hata siku ya harusi ya mwanawe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuzuia magonjwa kwa kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini yapo magonjwa yasiyozuiwa kwa choo wala kwa chandarua. Hayo tujifunze kuishi nayo, na kuishi vema na walio nayo.

Someni habari hii kwa sauti darasani, kisha jadilini:

1. Je, katika mtaa wetu yuko mtu tunayemwita mvivu ambaye hajawahi kupimwa?
2. Ni kazi gani za nyumbani zinaweza kufanywa mtu akiwa amekaa?
3. Siku ya kazi ya pamoja, mgonjwa tumpe kazi gani?