Mkutubi, tusomee kwa sauti

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Tangu baba afariki mwaka juzi, ukimpigia simu ukamuuliza anaendeleaje, anajibu neno moja tu: "Nipo." Dawa za presha anameza, kliniki anahudhuria, chakula anakula kidogo. Majirani wanamsifu kwamba amejikaza. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki niliona kuna jambo haliko sawa, ila sikujua nianzie wapi.

Daktari wake alimwambia apate watu wa kuzungumza nao. Ushauri mzuri, lakini hakuna duka la dawa linalouza watu wa kuzungumza nao.

Upweke si jambo la moyo peke yake. Unagusa usingizi, presha na hata hamu ya kula, na ndiyo maana mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda kamisheni maalumu ya kushughulikia mahusiano ya watu katika jamii. Nilikuwa nafuatilia habari hiyo nilipokutana na kisa cha Birkenhead, mji wa Uingereza ulio ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Ni mji uliokua kwa kazi za kuunda meli. Kazi hizo zilipopungua, umaskini ukaingia mitaani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jane Davis, mhadhiri wa fasihi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Liverpool, aliwakusanya wakazi wachache wa huko, wengi wao si watu wa vitabu, akaanza kuwasomea hadithi na mashairi kwa sauti. Mwanzoni kabisa aliwasomea "Crossing the Bar", shairi la Tennyson linalofananisha kifo na chombo kinachotoka bandarini. Watu wakalia. Mama huyo akaona kwamba hapa pana kitu ambacho darasani hakukipata. Kutokana na vikundi hivyo ikazaliwa taasisi ya hisani iitwayo The Reader, yenye makao yake bustani ya Calderstones, Liverpool. Leo vikundi vya namna hiyo hukutana maktabani, hospitalini, kwenye nyumba za kulelea wazee na hata magerezani.

Namna wanavyofanya ni rahisi mno hadi inatia shaka. Watu wachache huketi pamoja mara moja kwa wiki, kwa saa moja na nusu au mbili, chai ikiwepo. Hakuna anayetakiwa kusoma chochote kabla ya kuja. Kiongozi wa kikundi anasoma kwa sauti, taratibu, kisha anatua. Anayetaka kusema anasema, anayetaka kunyamaza ananyamaza. Asiyejua kusoma anakaa sawa na mwenye shahada, kwa sababu wote wanalisikia shairi kwa wakati mmoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool waliwahi kufuatilia vikundi viwili vya watu wenye sonona kwa mwaka mzima, wakaripoti mwaka 2010 kwamba hali za washiriki zilipata nafuu. Nisiwadanganye: vikundi vilikuwa vidogo na utafiti wenyewe haukuwa na kundi la kulinganisha. Asitokee mtu akaacha dawa eti kwa sababu ya shairi. Lakini nilipousoma nilimfikiria mama. Na kusema kweli niliona aibu kidogo, maana sisi ndio wenye mashairi yaliyotungwa yatoke kinywani. Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake wosia kwa utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi. Kizazi changu tulikutana na shairi kwenye karatasi ya mtihani.

Basi nilipokwenda likizo nyumbani nikaingia maktaba ya mkoa. Ukutani kuna kibao: KIMYA. Meza zote zimejaa wanafunzi wa kidato cha nne na mitihani ya miaka iliyopita. Mkutubi ni kijana wa rika langu. Nilipomweleza shida yangu alicheka kwa chini, akaninong'oneza: "Dada, hapa hata ukikohoa unaangaliwa. Sasa shairi kwa sauti?"

Hakunifukuza, hata hivyo. Alinipeleka nyuma ya jengo, kwenye baraza lenye viti vibovu na bomba linalovuja. Akasema Jumamosi saa nne asubuhi panakuwa na kivuli. Tukakubaliana. Yeye alichagua "Amina", shairi ambalo Shaaban Robert alimwombolezea mke wake. Tulitoa kopi kumi kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wazee.

Jumamosi ya kwanza tuliharibu. Walikuja watu sita, akiwamo mama yangu, ambaye nilimdanganya kwamba tunapita tu kurudisha kitabu, na dereva wa bodaboda aliyekuwa amemleta abiria akaalikwa kukaa. Mkutubi wetu, kwa nia njema kabisa, alianza na maisha ya mwandishi: kuzaliwa mwaka 1909, kufariki mwaka 1962, vitabu alivyoandika. Akasoma shairi haraka haraka. Kisha akauliza swali ambalo kila aliyesoma sekondari nchini analijua: "Haya, nani atatutajia dhamira?"

Watu wote wakaangalia miguu yao. Mama akajibu, maana mwalimu hawezi kuvumilia swali likining'inia. Akataja dhamira, akataja vina vya kati na vina vya mwisho, akataja mizani. Yote sahihi. Dereva wa bodaboda akasema yeye aliishia darasa la saba, akaaga akaondoka.

Jioni nilimtumia mkutubi ujumbe mrefu juu ya watu wa Birkenhead. Hakukasirika. Kesho yake alikwenda mwenyewe kijiweni kumtafuta yule dereva, akamwambia safari hii hakuna maswali. Katika mambo yote aliyofanya, nadhani hilo ndilo kubwa. Wakutubi wetu wamezoea kusubiri watu waje, na watu wengi wanaamini maktaba ni ya wanafunzi tu. Mtu kama huyo haingii mpaka aitwe kwa jina lake.

Jumamosi ya pili lilisomwa shairi lile lile. Safari hii alilisoma pole pole, mara mbili, kisha akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu. Tulisikia bomba linavyodondoka. Nilitaka kusema kitu ili kumwokoa, nikajizuia.

Dereva wa bodaboda ndiye aliyeanza. Akasema, "Huyu mzee anaongea na marehemu kama vile yuko chumba cha pili."

Mama akaikunja kopi yake, akaikunjua. "Shairi hili nimelifundisha miaka mingi," akasema. "Sikuwahi kulisoma nikiwa nimefiwa."

Halafu akaongeza kwamba mzee wake yeye asingemtungia shairi kamwe, mtu ambaye hata barua aliandika mistari mitatu, wa tatu ukiwa jina lake. Tukacheka, naye akacheka. Akiwa bado anacheka akaanza kusimulia usiku wa mwisho wa baba wodini: jinsi alivyomwomba amzimie redio, na yeye akadhani ni kelele zinamsumbua, kumbe alitaka wazungumze. Mimi ni mtoto wake na nilikuwa sijayasikia hayo. Hakuna aliyempa pole ya haraka haraka wala aliyemwambia ajikaze. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimsogezea kikombe chake cha chai, basi.

Nimemuuliza mkutubi ni lipi gumu kwake. Akasema ni kuchagua na kunyamaza. Shairi likiwa refu watu wanachoka. Likiwa na maneno mengi ya kale wanarudi kujiona wajinga. Neno moja au mawili magumu si tatizo, unayaeleza kabla ya kuanza, unaendelea. Anayakimbia pia mashairi ya kuhamasisha: nawa mikono, peleka mtoto chanjo, lala kwenye chandarua. Hapo alinigusa, maana sisi wa habari za afya tunayapenda sana. Lakini shairi lenye jibu lake tayari halimwachii msikilizaji cha kusema zaidi ya "ndiyo".

Kuna jambo moja nililosisitiza mimi. Mtu akilia kikundini si dharura, mwacheni alie. Ila akisema amechoka kuishi au anafikiria kujidhuru, mkutubi asijigeuze daktari. Asimwache peke yake, na siku hiyo hiyo asindikizwe hospitali na mtu anayemwamini. Inafaa mkutubi awe na namba ya ofisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyo karibu kabla hata hajaanza kikundi.

Mzazi mwenzangu, huenda unasoma haya ukiwa na mtoto mapajani ukijiuliza watoto wanaingia wapi. Pale barazani wanakuja. Wa miaka mitatu hafuati maana, anafuata mapigo ya vina, na akichoka anachezea maji ya bomba. Mpwa wangu wa darasa la nne alikuja mara moja kwa kulazimishwa. Mara ya pili aliomba asome ubeti mmoja, akaukosea, na hakuna aliyemsahihisha. Bibi yake alijizuia kwa shida, nilimwona midomo inavyocheza.

Kama mtaa wenu una maktaba, mwendee mkutubi umwombe saa moja kwa wiki na mahali ambapo sauti haitawasumbua wanaojisomea. Kama hamna, darasa la shule ya msingi Jumamosi mara nyingi ni tupu, mwombeni mwalimu mkuu. Gharama yetu sisi ni kopi, chai na sukari, tunachangishana.

Wamefikisha wiki ya tisa sasa. Mama bado ana siku mbaya na dawa zake ni zile zile, ila Jumamosi asubuhi hapatikani kwenye simu. Dereva wa bodaboda amelalamika kwamba mashairi ya kulia yametosha, anataka la kuchekesha, fupi, lisilo na mafunzo. Mkutubi amepekua rafu zote na bado hajaridhika. Kama unalo, niandikie.