Kijana wa Kujitolea Si Kibarua wa Bure

Ndugu mkulima, kila nikikaa na viongozi wa vikundi nasikia lawama ile ile: vijana wa siku hizi hawataki kujitolea. Mimi sikubali. Tuangalie kwanza tunawaomba nini.

Msaragambo wa wazee ulikuwa na kazi inayoonekana. Baragumu lilipigwa, watu wakatoka na majembe, mfereji ukasafishwa, jioni maji yakapita. Leo kijana akija kwenye kikundi anaambiwa, "Karibu, utatusaidia." Atasaidia nini, na mpaka lini? Anakaa vikao vitatu akisubiri akidi itimie, anatumwa soda, cha nne haji. Hata mimi nisingekuja.

Chukua mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na ukungu wake hustawi kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Kupima unyevu hakuhitaji mtaalamu. Tia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda ukutani, mahindi yarudi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi muda mrefu endelea kukausha hadi 13.5.

Hiyo ndiyo kazi ya kumpa kijana. Vijana wanne, Jumamosi mbili baada ya mavuno, kila mmoja na orodha ya nyumba zake, majibu yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Baada ya hapo amemaliza, mwacheni aende kwenye bodaboda yake au shambani. Msimu ujao mwiteni tena. Aliyeona kazi yake imefaa huitika.

Nauli na vocha mpeni kabla hajatoka. Anajitolea muda wake, si mfuko wake. Na mwandikieni barua yenye muhuri ikitaja alichofanya, maana wengi wao wanatafuta ajira na barua hiyo wataambatanisha. Kikundi kinachoona barua ni usumbufu kisilalamike kikibaki na wazee watupu.

Nawe mfanyabiashara unayenunua mahindi hayo, usikae pembeni. Gunia lenye unyevu likioza, linaozea ghalani mwako. Mafuta ya bodaboda ya Jumamosi hizo mbili yawe juu yako.