Ukisafisha picha, usimfute mwenyewe

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuiona hali hii. Binti amefuzu chuo, amevaa joho na kofia, na picha yake kubwa imetundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Wageni wakifika wanaisifu. Kisha nyanya yake anakuja kutoka mashambani, anaisogelea, anaitazama kwa muda, halafu anauliza kwa upole: "Na huyu ni mtoto wa nani?"

Watu huangua kicheko, wakidai kwamba macho ya nyanya yameingia ukungu. Lakini nyanya anaona vizuri. Macho ya mjukuu wake yamefanywa meupe kama yai lililomenywa. Midomo aliyorithi kwa babu yake imepunguzwa ikawa myembamba, na weusi wa ngozi yake umefuliwa kama shati la shule. Aliyebaki ndani ya fremu ni mtu mwingine.

Leo ningependa tuzungumze kuhusu huku kurekebisha picha za nyuso, hasa macho na midomo. Sisemi kwamba ni jambo baya. Anayepigwa picha ya harusi ama ya kufuzu anataka kupendeza, na hiyo ni haki yake. Swali ni hili: unapoisafisha picha, unaondoa vumbi la siku hiyo au unamwondoa mtu mwenyewe?

Kazi ya penseli

Wapo wanaodhani mchezo huu uliletwa na simu za mkononi. La hasha! Unakaribia kulingana kwa umri na upigaji picha wenyewe. Mwaka wa 1855, katika maonyesho makubwa jijini Paris, mpigapicha Mjerumani Franz Hanfstaengl alionyesha picha mbili za mtu mmoja. Moja ilikuwa imerekebishwa kwenye negativu na nyingine haikuguswa. Watazamaji walistaajabu.

Tangu hapo, fundi wa studio aliketi mbele ya kioo kilichomulikwa kwa nyuma, negativu ikiwa juu yake, akishika penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Kunyanzi ambalo lingetokea jeusi kwenye picha huwa ni sehemu angavu kwenye negativu. Fundi aliijaza kwa vidoa vya penseli, mwanga ukazuiwa kidogo, na lile kunyanzi likafifia. Uso mmoja ungeweza kumla saa nzima. Kwa sababu hiyo alichagua cha kugusa na cha kuacha.

Mnamo Februari 1990 programu ya Photoshop, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, iliingia sokoni, na penseli ikaanza kustaafu. Leo simu hufanya kazi hiyo kwa mguso mmoja wa kidole. Simu nyingine hata hazingoji kuagizwa: kamera zake zina mpangilio wa urembo unaolainisha ngozi na kupanua macho kabla hujaiona picha. Nakushauri uutafute mpangilio huo kwenye simu yako na kuuzima, kisha uamue mwenyewe unachokitaka. Simu haimjui nyanya yako, wala haijui kwamba midomo ile ni ya ukoo mzima.

Kanuni ya wiki mbili

Mafundi wa picha wana kanuni moja rahisi ambayo hata mwanafunzi anaweza kuifuata. Jiulize: je, kitu hiki bado kitakuwa usoni mwa mtu huyu baada ya wiki mbili? Ikiwa la, kama vile chunusi, mkwaruzo, midomo iliyokauka ama wekundu wa macho wa kukesha, waweza kukiondoa. Ikiwa ndiyo, kama vile baka la kuzaliwa, kovu la utotoni, mwanya ama umbo la mdomo, kiache. Hicho ni chake.

Tuanze na macho. Jicho si bamba tambarare, ni tufe. Weupe wake haukuumbwa uwe mweupe kabisa: juu una kivuli cha kope, pembeni una mishipa midogo ya damu. Ukiupausha wote, jicho linakuwa kama kifungo cha shati kilichobandikwa usoni. Punguza tu ukolezo wa rangi nyekundu na uongeze mwangaza kidogo sana. Mboni yaweza kuangazwa kiasi upande ulio mkabala na taa, lakini lile tundu jeusi la katikati libaki jeusi. Na kile kimulimuli kidogo cheupe, ambacho ni taswira ya taa ama dirisha ndani ya jicho, usikifute kamwe. Hicho ndicho kinacholipa jicho uhai. Mifuko iliyo chini ya macho usiimalize, ifanye hafifu tu.

Sasa midomo. Kwa wengi wetu mdomo wa juu ni mweusi zaidi kuliko wa chini, na wa chini una wekundu kwa ndani. Hiyo si kasoro ya kusawazishwa kwa rangi moja. Ondoa magamba ya ukavu, lakini acha ile mistari midogo ya wima, kwani bila hiyo mdomo hugeuka plastiki. Ukingo wa mdomo usiuchore kwa mstari mkali, na umbo lake usiliguse. Ukimaliza, usihukumu kazi yako ukiwa umeikuza picha hadi jicho moja linajaza kioo cha simu. Irudishe katika ukubwa wake wa kawaida, uiache, unywe chai, kisha uitazame upya. Ikiwa kitu cha kwanza unachokiona ni weupe wa macho, umezidisha.

Lakini tiba bora hufanywa kabla ya kubofya. Mweke mtu akielekea dirisha badala ya kulipa mgongo. Mshikie shuka jeupe ama karatasi ya manila chini ya kifua ili mwanga urudi juu na kuondoa vivuli vya macho. Mpe mafuta kidogo ya kupaka midomoni. Hili lina maana zaidi kwetu sisi tulio weusi. Kwa miaka mingi rangi za picha zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na nyuso nyeusi zikatokea kama vivuli vyenye meno na macho tu. Dawa ya tatizo hilo ni mwangaza wa kutosha. Kuipausha ngozi si dawa.

Jicho linapotoa habari

Hapa, mzazi, naomba unisikilize kwa makini, maana jambo hili si la urembo tena.

Unajua yale macho mekundu yanayotokea kwenye picha za usiku? Gizani tundu la mboni hupanuka. Flashi iliyo karibu na lenzi huingia moja kwa moja, hugonga sehemu ya nyuma ya jicho iliyojaa damu, kisha hurudi ikiwa nyekundu. Ni kawaida, na programu nyingi huufuta wekundu huo.

Lakini itazame picha kabla ya kufuta. Ikiwa jicho moja la mtoto limetoa wekundu na jingine limetoa weupe ama umanjano kama wa jicho la paka, usilipake rangi nyeusi na kuendelea na mambo yako. Huenda ni pembe tu ambayo mwanga uliingilia. Huenda ni mtoto wa jicho. Lakini pia huenda ni saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Wapo wazazi waliong'amua ugonjwa huo kwa sababu ya picha. Ikigunduliwa mapema hutibika, na aghalabu jicho lenyewe huweza kuokolewa. Ikichelewa, huua. Mpeleke mtoto akaangaliwe katika hospitali yenye kitengo cha macho, mathalani Hospitali Kuu ya Kenyatta ama ile ya PCEA Kikuyu, na uibebe picha hiyo bila kuigusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vivyo hivyo kwa watu wazima. Ikiwa weupe wa macho ya baba umekuwa manjano katika kila picha ya Krismasi, huenda ini lake linalalamika. Midomo iliyopauka isivyo kawaida yaweza kuwa ishara ya upungufu wa damu. Picha haitibu wala haichukui nafasi ya daktari, lakini ni shahidi. Filta inayong'arisha macho ya kila mtu humziba shahidi huyo mdomo.

Picha za serikali

Wanafunzi mnaoomba pasipoti na viza, hili ni lenu. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ndilo huweka vipimo vya picha za pasipoti: macho yawe wazi na yaonekane, na sura isibadilishwe. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo inakataza waziwazi picha zilizorekebishwa kwa kompyuta, programu za simu ama filta. Mashine za viwanja vya ndege hulinganisha uso wako na picha, zikipima mambo kama umbali kati ya macho. Ukiyapanua macho na kupunguza midomo ili upendeze, unajitengenezea maswali mbele ya afisa wa uhamiaji.

Midomo ya nani ndiyo mizuri?

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Tunapopunguza midomo na kung'arisha ngozi, tunafuata kipimo cha nani? Mnamo Novemba 2017 mwigizaji wetu Lupita Nyong'o, mshindi wa tuzo ya Oscar, alitokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza huku sehemu ya nywele zake ikiwa imefutwa na zilizobaki zikiwa zimelainishwa. Alilalamika hadharani, na jarida pamoja na mpigapicha wakaomba radhi. Ikiwa nyota wa kiwango hicho alirekebishwa bila ridhaa yake, sembuse binti yako wa kidato cha pili?

Nchi nyingine zimeliona tatizo hili. Nchini Norway, sheria iliyoanza kutumika Julai 2022 humlazimu mtangazaji wa bidhaa kuweka alama kwenye tangazo ikiwa umbo, ukubwa ama ngozi ya mtu imebadilishwa. Nyumbani hatuhitaji kungoja bunge. Mzazi, ukimsikia mtoto akisema midomo yake ni minene mno, usimcheke wala usimkemee. Keti naye, mfungulie albamu ya familia, mwonyeshe midomo hiyo hiyo kwa shangazi yake, kwa babu yake, kwa wewe mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti.

Na wewe unayewasafishia wengine picha, iwe kwa malipo ama kwa urafiki, shika mambo matatu. Muulize mwenye uso kabla ya kugusa. Hifadhi picha ya awali pasipo kuibadilisha. Na picha ya kutangaza tanzia ama ya kuwekwa mbele ya jeneza iguse kwa mkono mwepesi mno. Wanaoomboleza wanakuja kumuaga mtu wanayemjua, na macho yale watayatafuta katika picha hiyo kwa miaka mingi ijayo.

Tukutane tena Jumapili ijayo. Hadi hapo, toa ile albamu kabatini, ukae na watoto, na uwasimulie ni nani aliyempa nani macho yale.