Uziduaji bila Kiyeyushi: Maabara Izungumze na Mkulima

Mkulima mdogo wa Kipkelion huuza majani mabichi, ilhali soko la chai yake hutegemea pia maabara asiyoijua. Umoja wa Ulaya huruhusu miligramu 0.02 tu ya anthrakwinoni katika kilo moja ya chai, na moshi wa kuni za kukaushia ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Kwa kawaida sampuli huziduliwa kwa viyeyushi, ambavyo vingi ni ghali na vyenye madhara. Mwaka 1990, Catherine Arthur na Janusz Pawliszyn wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walieleza njia nyingine: uzi mwembamba uliopakwa polima hunasa kemikali za sampuli, kisha huziachia kwa joto ndani ya mtambo wa kromatografia.

Mwaka huohuo TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hivyo, dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi halina mashiko. Istilahi zipo, kinachokosekana ni matumizi. Wanafunzi wa Kiswahili na wa kemia hawana budi kushirikiana ili matokeo ya maabara yaandikwe kwa lugha ya taifa. Mkulima mwenye hisa kiwandani, asipoielewa ripoti, atalihojije tanuri la kiwanda chake?